Heliamu, kutoka Jua hadi Bonde la Rukwa: shajara ya mradi wa klabu ya fizikia

Februari

Mada ya mwaka imepatikana. Siku ya mahafali ya kidato cha nne wazazi hutembezwa kwenye maonesho ya masomo, na meza yetu ya fizikia kwa miaka mingi imekuwa na saketi ya betri, sumaku na chati ya sayari. Mwaka huu nataka wanafunzi wasimulie jambo moja tangu mwanzo mpaka mwisho, tena jambo la kwetu.

Tuko Mbozi. Kimondo, lile pande la chuma lililoanguka kutoka angani, kiko hapo Ndolezi. Ukiteremka upande wa pili unaingia bonde la Ziwa Rukwa, ambako Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwa ardhini kuna heliamu nyingi. Wanafunzi wangu wanazijua habari za mitambo ya kuchoronga tangu wakiwa wadogo. Ukiwauliza heliamu ni nini, jibu ni moja: gesi ya maputo.

Basi tutaifuata. Imetoka wapi, nani aliigundua na kwa njia gani, na kwa nini imejaa chini ya Rukwa ilhali hewani karibu haipo. Mwanga, mionzi, angahewa na asili ya ulimwengu vyote vimo humo, kwa hiyo hata mkuu wa taaluma hana sababu ya kusema tunapoteza muda wa silabasi.

Machi

Mvua haijatupa jua la kufanyia kazi, tunatengeneza vifaa. Cha kwanza ni spektroskopu, kifaa cha kuchambua mwanga. DVD za zamani zimejaa majumbani tangu watu wahamie kwenye flashi na simu. Unakata kipande kwa mkasi, unazitenganisha zile tabaka mbili kwa ukucha, kisha unaosha ile rangi ya zambarau kwa spiriti. Kinachobaki ni kiplastiki kisicho na rangi kinachopitisha mwanga, chenye mistari kama 1,350 katika kila milimita moja, na mistari hiyo ndiyo inayoutawanya mwanga katika rangi zake. CD ina mistari chini ya nusu ya hiyo, ndiyo maana tumeiacha.

Upande mmoja wa boksi tumetoboa tundu na kulifunika kwa nyembe mbili zinazotazamana, mwanya kati yake ukiwa upana wa karatasi. Upande wa pili kuna kipande cha DVD na mahali pa kuweka jicho. Ndani tumepaka rangi nyeusi. Kazi yote iko kwenye nyembe. Zikipinda kidogo tu, rangi zinaingiliana na huoni kitu cha maana. Msichana mmoja wa kidato cha tatu amegundua kuwa ukizibana huku umeweka kipande cha karatasi katikati, kisha ukakichomoa baada ya gundi kukauka, mwanya unanyooka wenyewe. Maboksi yote sasa yanafuata mtindo wake.

Aprili

Jioni za majaribio ya taa. Balbu ya LED inaonesha rangi zote zikiwa zimeungana, kuanzia nyekundu hadi buluu. Ile balbu ya zamani iliyosokotwa inaonesha mistari iliyoachana: zambarau, kijani kikali, halafu njano na machungwa. Mstari wa kijani ni wa zebaki iliyomo ndani ya balbu. Kila elementi ina mistari yake, na hakuna elementi inayoazima mstari wa mwenzake.

Tulinyunyiza chumvi ya mezani kwenye moto wa spiriti, mstari wa njano ukaruka mahali pamoja kwa kila aliyechungulia. Huo ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi, na urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 589. Mwanafunzi mmoja anatokea Momba, wilaya jirani, akatukumbusha kuwa Ivuna, kwenye chemchemi za maji moto, watu walichemsha chumvi kwa karne nyingi. Ivuna tutairudia, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Kilichowafurahisha zaidi ni testa ya fundi umeme. Ule mwanga hafifu wa rangi ya chungwa ndani ya testa, na kile kitaa kidogo kwenye ekstensheni, mara nyingi ni gesi ya neoni. Tulizima taa zote, tukafunga mapazia ya maabara, tukaelekeza boksi kwenye kitaa cha ekstensheni. Mistari myekundu na ya machungwa ikajipanga mingi, myembamba, imebanana. Neoni na heliamu ziko safu moja kwenye jedwali la elementi, zote hazishikamani na kitu. Heliamu yenyewe hatuna bado. Chuo kimoja cha Mbeya kimeahidi kutuazima tyubu yake, yaani kioo chenye gesi hiyo kinachowaka ukikipitishia umeme.

Mei

Mawingu yameondoka. Sheria niliyoiandika ubaoni na kuirudia kila kipindi: hakuna kuelekeza boksi kwenye jua lenyewe. Tunaelekeza kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na jua, inatosha.

Mara ya kwanza kila mtu aliona upinde wa rangi tu. Kisha nyembe zikasogezwa karibu zaidi, macho yakazoea, na mmoja akasema, "Madam, kuna mistari myeusi." Ipo kweli. Mmoja kwenye njano, mmoja au miwili kwenye kijani, mwingine panapoanza buluu. Joseph von Fraunhofer aliichora mamia kwa mamia kuanzia 1814. Mstari mweusi kwenye njano uko pale pale ulipokuwa mstari wa chumvi, maana sodiamu iliyo kwenye tabaka la juu la Jua inaumeza mwanga huo kabla haujatoka. Niliwaacha waweke maboksi mawili sambamba, moja kwenye chumvi na moja kwenye karatasi, walinganishe wenyewe. Kuna wanafunzi waliokaa hapo mpaka kengele ya chakula ikawapita.

Swali likaja lile nililokuwa nalisubiri: heliamu ya Jua mbona hatuioni? Jibu ni kwamba uso wa Jua, wenye joto la kama nyuzi 5,500 za Selsiasi, bado ni baridi mno kuisisimua heliamu imeze mwanga tunaouona. Inaonekana ukingoni, kwenye gesi iliyoko juu ya uso ule, na zamani hapo palionekana tu wakati wa kupatwa kwa Jua. Tarehe 18 Agosti 1868 Jua lilipatwa huko India. Mfaransa Jules Janssen alikuwa Guntur na spektroskopu yake, akaona mistari inawaka. Oktoba ya mwaka huo huo, Norman Lockyer huko Uingereza aliuona mstari wa njano bila kusubiri kupatwa. Haukuwa wa sodiamu, uko pembeni kidogo, nanomita 587.6. Hakuna kitu duniani kilichojulikana kutoa mstari ule. Wakaipa elementi hiyo jina la Jua kwa Kigiriki, na kwa miaka 27 ikabaki kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukishika.

Mwaka 1895 William Ramsay aliitoa heliamu kwenye jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa na urani. Niliwaambia waandike neno urani kwa herufi kubwa kwenye madaftari, tutalihitaji.

Juni, kabla ya kufunga shule

Tumekwenda Ndolezi. Wengi wamezaliwa karibu na Kimondo na hawajawahi kukigusa. Kina urefu wa kama mita 3, kinakadiriwa kuwa na tani 16, karibu asilimia 90 chuma na zaidi ya asilimia 8 nikeli. Ukipitisha kiganja juu yake unakutana na mabonde laini, na sehemu ile iliyokatwa sampuli zamani inang'aa kama imekatwa jana. Mzee mmoja aliyekuwapo aliwauliza vijana wangu swali zuri: "Chuma hiki kilifuliwa wapi?" Wakamjibu, "Ndani ya nyota, Mzee," na wakaweza kueleza. Katika dakika za mwanzo za ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ilitengenezwa haidrojeni na heliamu, takribani robo ya uzito ikiwa heliamu, na chembe ndogo za litiamu. Elementi nzito kama chuma, potasiamu na urani zilikuja baadaye sana, nyota zilipoishi na kufa.

Lakini kimondo ninachokipenda zaidi si hiki. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kingine Ivuna, kidogo, kama gramu 700, cheusi na laini. Wanasayansi wa dunia nzima wanakijua. Kundi zima la vimondo adimu linaitwa CI, na hiyo herufi ya pili ni ya Ivuna yetu. Sehemu yake iko kwenye Makumbusho ya Historia Asilia, London. Chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa2 kilipoleta vumbi la Ryugu, asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka Jua, mwaka 2020, walikuta linafanana na la Ivuna kuliko vimondo karibu vingine vyote.

Sababu ya umaarufu huo ndiyo moyo wa mradi wetu. Ukipima elementi za kimondo cha Ivuna ukazilinganisha na za Jua, uwiano ni karibu ule ule: chuma, magnesiamu, silikoni, sodiamu. Zinazokosekana ni gesi nyepesi, haidrojeni nyingi na heliamu karibu yote. Yaani maada iliyojenga sayari kama yetu haikubaki na heliamu ya mwanzo. Mwanafunzi wa kidato cha nne akaniangalia akauliza, "Sasa ya Rukwa imetoka wapi?"

Likizo imeanza na swali hilo. Nimefurahi kuliacha wazi.

Julai

Kigunduzi cha Geiger, kifaa kinacholia kila kinapopigwa na mionzi, kimefika, cha kuazima. Siku ya kwanza tulikiwasha tu mezani tukakisikiliza. Tik. Kimya. Tik, tik. Wengine waliogopa, wakadhani maabara ina sumu. Ilibidi nieleze kwa utulivu: sehemu ya milio hiyo inatoka kwenye udongo na matofali, na sehemu inatoka angani. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda kwa puto mpaka zaidi ya mita 5,000 na kukuta mionzi inaongezeka kadiri anavyopanda. Hewa iliyo juu yetu ndiyo ngao. Sisi wa nyanda za juu tuna hewa pungufu kidogo juu ya vichwa kuliko watu wa Dar es Salaam, na tunapata mionzi ya anga zaidi kidogo kuliko wao. Si jambo la kumtisha mtu.

Kisha tukakiweka kigunduzi juu ya mfuko wa mbolea ya potashi, ile ile inayowekwa kwenye mashamba ya kahawa. Milio ikaongezeka waziwazi. Potasiamu yote duniani ina kiasi kidogo sana, kama sehemu 1 katika kila 8,500, cha potasiamu-40, aina ambayo atomi zake huvunjika zenyewe na kutoa mionzi. Imo kwenye ndizi, kwenye maharage, na ndani yetu: katika mwili wa mtu mzima atomi za potasiamu zaidi ya 4,000 huvunjika kila sekunde, na imekuwa hivyo tangu binadamu wawepo. Wazazi wengi hapa ni wakulima wa kahawa. Nimewaonya wanafunzi kuwa siku ya maonesho sentensi hiyo ianze kusemwa kabla kigunduzi hakijawashwa, mtu asije akarudi nyumbani akatupa mbolea yake.

Julai, mwishoni

Jaribio la puto. Tumekisubiri kiangazi kwa makusudi, maana hewa kavu inashika umeme tuli vizuri.

Unapuliza puto la kawaida, unalisugua kwa kitambaa cha sufi mpaka linavuta nywele za mkono, unalitundika kwenye stoo iliyofungwa yenye sakafu ya mawe. Stoo yetu ya vitabu vibovu inafaa. Urani iliyomo kwenye mawe na sakafu inavunjika hatua kwa hatua, na njiani inakuwa radoni, ambayo ni gesi, inapenya na kutoka. Radoni nayo ikivunjika inaacha atomi zenye chaji zinazonasa kwenye puto.

Baada ya kama nusu saa tukalitoa, tukalitoboa taratibu karibu na mdomo lisipasuke, tukalikunja na kuliweka chini ya kigunduzi. Milio ikamiminika. Wanafunzi walikuwa wamegawana kazi: mmoja anashika saa, mmoja anahesabu, mmoja anachora grafu papo hapo. Mstari ulishuka mbele ya macho yao, ukafika nusu baada ya kama dakika arobaini. Kilichonaswa kina hasa risasi-214, yenye nusu-uhai, yaani muda wa nusu ya atomi kuvunjika, ya dakika 27, na bismuthi-214, yenye dakika 20, moja ikiizaa nyingine. Kwa mara ya kwanza nusu-uhai haikuwa fomula ya mtihani. Waliiona ikipita.

Hapo ndipo nikarudi kwenye lile neno la herufi kubwa. Atomi ya urani-238, mpaka ifike kuwa risasi isiyovunjika, hurusha chembe 8 za alfa. Alfa ni protoni 2 na nyutroni 2. Karatasi moja inaizuia. Ikisimama inachukua elektroni 2 kutoka kwa majirani zake, na hapo ni atomi ya heliamu, kamili. Ernest Rutherford na Thomas Royds walilithibitisha hilo Manchester, wakachapisha mwaka 1909. Waliweka radoni ndani ya tyubu ya kioo chembamba mno kiasi cha alfa kupenya, wakazikusanya kwenye tyubu ya nje, na baada ya siku kadhaa wakapitisha umeme. Kwenye spektroskopu ukatokea mstari wa njano. Ule ule wa Lockyer.

Sikuhitaji kuongeza kitu. Yule wa kidato cha nne alisimama akajijibu swali lake la Juni: heliamu ya Rukwa imezaliwa ndani ya mawe.

Agosti

Kipindi hiki ni cha hewa, na hesabu nyingi.

Asilimia 78 ya hewa kavu ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na 0.93 ni agoni. Wanafunzi huruka hiyo agoni kwa sababu haifanyi kitu. Mimi nimewataka wakae nayo, kwa kuwa karibu agoni yote tunayovuta imetoka kwenye ile potasiamu-40 tuliyoisikia kwenye mfuko wa mbolea. Takribani atomi 11 katika kila 100 za potasiamu-40 zinazovunjika huwa agoni, nyingine huwa kalisi. Nusu-uhai yake ni miaka bilioni 1.25. Mawe yamekuwa yakiitoa kidogo kidogo tangu Dunia iwe changa.

Kwa hiyo mawe yametoa gesi mbili zisizoshikamana na kitu, agoni na heliamu. Moja ni karibu sehemu 1 ya kila 100 za hewa. Nyingine ni sehemu 5 kwa milioni. Wanafunzi wakapiga hesabu ya mwendo wa atomi kwenye joto la nyuzi 20: heliamu zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde, agoni chini ya 400. Ili kitu kiponyoke kwenye mvutano wa Dunia kinahitaji kilomita 11.2 kwa sekunde. Mmoja akasema basi hata heliamu haiwezi. Nikamwambia huo ni mwendo wa wastani, na katika kundi kubwa wako wanaokimbia kuliko wastani. Juu kabisa, kilomita mamia kutoka hapa, mionzi mikali ya Jua huipasha gesi hiyo hafifu mpaka kuzidi nyuzi 500, na heliamu inayopata chaji huchukuliwa nje kupitia maeneo ya ncha za Dunia kwa kufuata sumaku yake. Agoni ni nzito mara 10. Inabaki.

Tulifunga kipindi tukiwa tumeandika mstari mmoja kwenye bango: heliamu ikishafika hewani, Dunia haiwezi kuitunza.

Septemba

Bango la Rukwa ndilo limetuchukua muda zaidi, kwa sababu jiolojia yake ni tamu.

Miamba ya kale ya katikati ya Tanzania ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Muda wote huo urani, na thoriamu inayovunjika kama urani, iliyomo ndani yake imekuwa ikitengeneza heliamu, na fuwele za mwamba baridi zimeizuia. Ufa wa Afrika Mashariki ulipoanza kupanuka ulileta joto, fuwele zikaachia. Heliamu ikapanda pamoja na naitrojeni na maji ya chini ya ardhi, na ndiyo maana inabubujika kwenye chemchemi za maji moto za bonde lile, nyingine zikiwa na heliamu kufikia kama asilimia 10 ya gesi inayotoka. Palipo na tabaka la udongo uliobana juu ya mchanga, inanaswa.

Watafiti wale wa 2016 walisema jambo ambalo mtu wa huku analielewa haraka. Volkano lazima iwe karibu ili ilete joto, lakini isiwe karibu mno, maana gesi zake, hasa kaboni dayoksaidi, zitaizidi heliamu na kuichanganya. Sisi mfano tunao. Kule Rungwe kaboni dayoksaidi inatoka ardhini kwa wingi mpaka inavunwa kwa matumizi ya viwandani. Bonde la Rukwa liko umbali unaofaa.

Tyubu ya heliamu nayo imefika kutoka chuoni. Mstari wa njano ni mkali, ukisindikizwa na mwekundu, kijani na buluu. Tumeweka moto wa spiriti wenye chumvi pembeni ili mtu aone kwa jicho lake kuwa njano hizi mbili hazikai mahali pamoja. Kwa maboksi yetu tofauti ni ndogo mno, inahitaji mwanya mwembamba na subira. Boksi la yule binti wa nyembe ndilo pekee linalozitenganisha vizuri, kwa hiyo ndilo litakaa mezani.

Oktoba, baada ya mahafali

Foleni ya meza yetu ilifika mpaka mlangoni. Wanafunzi waliwapokea wazazi kwa shikamoo, wakawaonesha mfuko wa mbolea kwa utaratibu tuliokubaliana, kisha mchoro wa Ivuna, kisha tyubu. Bibi mmoja alichungulia kwenye boksi kwa muda mrefu, akataka kujua kama njano ile ndiyo iliyoko juani. Mjukuu wake akamjibu ndiyo, Bibi, ila hii imezaliwa ardhini.

Swali gumu lilitoka kwa baba mmoja mkulima: "Wakishaichimba, itaota tena?" Kijana aliyekuwa zamu alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Alisema mwamba unaendelea kuitengeneza hata leo, lakini kwa kasi ya urani, ambayo nusu yake huchukua miaka bilioni 4.5 kuvunjika. Akaeleza pia kazi yake: heliamu ikiwa kimiminika ina nyuzi 269 chini ya sifuri, na ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili, hospitalini. Inayomwagika hewani inapotea juu. Baba yule akauliza tena, basi kwa nini inawekwa kwenye maputo ya sherehe? Kijana akanitazama. Nilisema kweli ninayoiamini, kwamba mimi nisingeiweka.

Kazi zilizobaki: kurudisha tyubu na kigunduzi, kupeleka maboksi matatu shule ya msingi jirani, yakiwa na maelekezo ya karatasi nyeupe yaliyobandikwa juu yake, na kuomba ruhusa ili mwakani klabu ishuke Momba, iione chemchemi yenyewe inavyobubujika. Kidato cha tatu wameshaanza kuandika barua.